Mafuta, Misuli na Saratani ya Figo: Utangulizi wa Kuusoma Mwili Katika Picha za CT

Kama umefungua kurasa hizi kwa sababu unasomea udaktari, radiolojia, uuguzi au lishe, au kwa sababu tu umepata kusikia kwamba picha ya tumbo inaweza kudokeza saratani ya figo itakwenda kwa kasi gani, umefika mahali pake. Sikudai ujue fizikia ya mionzi wala majina ya jeni kabla ya kuanza. Nakuomba subira katika kurasa za mwanzo, maana misingi ya fani hii ni michache na rahisi, na makosa mengi ya waliobobea hutokana na kuiruka.

Swali linaloiongoza fani nzima ni fupi. Mgonjwa mwenye uvimbe katika figo hupigwa picha ili uvimbe uonekane. Je, mafuta na misuli iliyomo katika picha hiyohiyo, ambayo daktari huipita haraka kwa macho, inaweza kutuambia lolote kuhusu ukali wa uvimbe huo? Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: inaweza, ila mara nyingi habari inayotupa inamhusu mgonjwa zaidi kuliko uvimbe. Kujifunza kutenganisha habari hizo mbili ndiyo kazi kubwa ya mwanafunzi wa fani hii, na ndiyo itakayotushughulisha hapa.

Tuanze na figo yenyewe. Aliyewahi kushuhudia mbuzi akichinjwa na kuchunwa anajua kwamba figo haionekani mara tumbo linapopasuliwa. Imezama ndani ya bonge la mafuta meupe, na ni mpaka uyabandue kwa kisu ndipo inapojitokeza. Nyuma yake, kando ya uti wa mgongo, imelala nyama ile laini inayoitwa sarara. Mwili wa binadamu umepangwa vivyo hivyo: figo mbili, kila moja imefunikwa na mafuta yake, zikiegemea misuli minene inayoshuka kutoka kiunoni hadi kwenye paja. Kwa hiyo anayepiga picha ya figo hana namna ya kuyakwepa mafuta na misuli. Bahati hiyo ya kimaumbile ndiyo iliyoizaa fani yetu.

Saratani ya figo ya watu wazima, kwa sehemu kubwa, huanzia katika seli zinazojenga kuta za mirija midogo inayotengeneza mkojo. (Watoto wadogo hupata saratani nyingine ya figo, iitwayo uvimbe wa Wilms, hiyo ina historia yake na hatutaigusa.) Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu zaidi ya 430,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya figo. Miongoni mwa saratani za figo za watu wazima, takriban robo tatu ni za aina ya seli angavu. Zinaitwa hivyo kwa sababu chini ya hadubini seli zake huonekana tupu, kana kwamba hazina kitu ndani. Si tupu. Zilikuwa zimejaa mafuta na sukari, ila kemikali za kuandaa kinyama maabara huyayeyusha mafuta hayo, na mahali pake pakabaki peupe. Nakuomba ulikumbuke jambo hili: saratani tunayoizungumzia ni yenyewe ghala la mafuta. Tutalirudia.

Sasa, tunaposema saratani ni kali tunamaanisha nini? Hapa wanafunzi wengi huchanganya mambo mawili. Kwanza ipo hatua ya saratani, yaani imefika wapi: ukubwa wa uvimbe, kama umeingia kwenye mshipa mkubwa wa damu au kwenye mafuta yanayoizunguka figo, kama umesambaa hadi kwenye mapafu au mifupa. Uvimbe uliobaki ndani ya figo na usiozidi sentimita 7 huhesabiwa katika hatua ya 1. Pili lipo daraja la saratani, yaani sura ya seli zenyewe. Mtaalamu wa patholojia huangalia kiini cha seli: kadiri kinavyokuwa kikubwa, chenye umbo lililovurugika, na chenye kiini kidogo kinachong'ara ndani yake, ndivyo daraja linavyopanda kutoka 1 hadi 4. Mfumo huo ulienezwa na Susan Fuhrman na wenzake mwaka 1982, na baadaye ukarekebishwa. Hatua hueleza saratani imesafiri umbali gani; daraja hukisia ina mwendo gani. Uvimbe mdogo unaweza kuwa wa daraja la juu, na mkubwa ukawa mpole.

Huenda ukauliza kwa nini tusichome sindano, tuchukue kinyama, tulijue daraja, tumalize. Hufanyika, na husaidia. Lakini mwaka 2012 watafiti wa London walikata uvimbe wa figo za wagonjwa wachache katika vipande vingi na kusoma jeni za kila kipande. Walikuta kwamba vipande vya uvimbe mmoja vinatofautiana, kiasi kwamba sehemu moja ilikuwa na dalili za ukali na nyingine ya upole. Sindano hufika mahali pamoja tu. Isitoshe, takriban kimoja katika vivimbe vitano vidogo, vile visivyozidi sentimita 4, si saratani kabisa. Daktari anayemtazama mzee wa miaka 75 mwenye uvimbe wa sentimita 3 anahitaji kila ushahidi anaoweza kuupata kabla ya kuamua kupasua au kusubiri. Ndipo macho yalipogeukia sehemu nyingine za picha.

Picha hiyo ni ya CT. Mashine ya CT huzungusha mionzi ya eksirei kuuzunguka mwili, kisha kompyuta hukokotoa ni kiasi gani cha mionzi kimefyonzwa katika kila nukta ya ndani, na kukuonyesha mwili tabaka kwa tabaka. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya namna hii, ya kichwa, tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Hesabu zinazofanana na zake zilikuwa zimekwisha fanywa kwa njia nyingine na mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye wazo lilimjia alipokuwa akihudumu katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1979.

Jambo la kulishika ni hili: kila nukta ya picha ya CT ni namba. Rangi ya kijivu unayoiona ni namna tu ya kuionyesha namba hiyo kwa jicho. Namba zenyewe huitwa vizio vya Hounsfield, na zimepangwa ili maji yawe 0 na hewa iwe −1000. Mafuta, yakiwa mepesi kuliko maji, huangukia kati ya −190 na −30. Misuli huwa kati ya −29 na +150. Mfupa mgumu hupanda hadi mamia na zaidi. Ukiisha kulielewa hilo, umeshika mlango wa fani yote, kwa sababu maana yake ni kwamba kompyuta inaweza kuambiwa: hesabu nukta zote zilizo kati ya −190 na −30, uzipe rangi ya manjano, kisha unipe eneo lake kwa sentimita za mraba. Hayo ndiyo mafuta. Muundo wa mwili, neno utakalolikuta mara kwa mara, una maana hiyo tu: mwili huu umeundwa kwa mafuta kiasi gani, misuli kiasi gani, na vimekaa wapi.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kompyuta imemaliza kazi. Utumbo, mishipa ya damu na figo yenyewe pia huangukia ndani ya namba za misuli. Ukiiachia mashine ipake rangi peke yake bila kujua anatomia, itahesabu utumbo kuwa msuli. Binadamu, au programu iliyofunzwa vizuri, lazima achore mipaka kwanza.

Picha ya tumbo ina mamia ya tabaka. Tutapima lipi? Mwaka 2004 Wei Shen na wenzake wa New York, wakitumia picha za MRI (zinazopigwa kwa sumaku) za watu wazima 328 wenye afya, walionyesha kwamba tabaka moja la tumbo lililochaguliwa vizuri hukaribia sana kukisia jumla ya misuli na mafuta ya mwili mzima. Watafiti wa saratani wakaafikiana kutumia tabaka linalopita kwenye pingili ya 3 ya kiuno. Hapo utaiona misuli ya sarara pande zote mbili za pingili, misuli ya mgongo nyuma yake, na misuli ya ukuta wa tumbo ikizunguka hadi mbele. Utayaona mafuta ya aina mbili pia. Yaliyo nje ya ukuta wa misuli ni mafuta ya chini ya ngozi. Yaliyo ndani, yanayozunguka utumbo na viungo, ni mafuta ya ndani ya tumbo. Aina hizi mbili hazina tabia moja. Mafuta ya ndani humwaga kwa wingi zaidi kemikali zinazochochea uvimbeuchungu (kwa Kiingereza, inflammation) mwilini, nayo hufungamana zaidi na kisukari na shinikizo la damu.

Eneo la misuli likishapatikana hugawanywa kwa urefu wa mtu, kwa mita, uliozidishwa kwa wenyewe, kwa maana mtu mrefu ana haki ya kuwa na misuli mingi. Tunachokipata huitwa fahirisi ya misuli. Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua wanaume wawili, kila mmoja ana urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 80. Wa kwanza ana sentimita za mraba 170 za misuli katika tabaka letu. Wa pili ana 140. Mita 1.70 mara 1.70 ni 2.89. Fahirisi ya wa kwanza ni 58.8 na ya wa pili ni 48.4. Mizani ya zahanati ingewaona watu hao kuwa sawasawa kabisa, wote wakiwa na BMI (uzito kwa kilo uliogawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe) ya 27.7, yaani uzito uliozidi. Picha inatuambia kwamba mmoja amebeba misuli na mwingine amebeba mafuta mahali pa misuli.

Misuli ikipungua chini ya kiwango fulani, hali hiyo huitwa sakopenia. Na kuna kipimo cha pili kinachopuuzwa mara nyingi, ambacho mimi nakiona kuwa na thamani kubwa: wastani wa vizio vya Hounsfield ndani ya msuli wenyewe. Msuli wenye afya una namba ya juu. Msuli ambao mafuta yamepenya katikati ya nyuzi zake hushuka namba, hata kama eneo lake halijapungua. Hapo tunasema una miosteatosi, yaani msuli uliojaa mafuta. Wingi na ubora wa msuli ni mambo mawili, na mgonjwa anaweza kuwa na moja bila jingine.

Hapa tuingie katika fumbo lililoivuta dunia kwenye somo hili. Unene uliokithiri, ambao wataalamu wetu wa lishe huuita kiribatumbo, pamoja na uvutaji sigara na shinikizo la damu, ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana vizuri vya saratani ya figo. Mtu mnene ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata. Ungetegemea basi kwamba akiipata, itamwendea vibaya zaidi. Kumbe mara nyingi huwa kinyume. Mwaka 2016 Laurence Albiges na wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 1,975 ambao saratani yao ya figo ilikuwa imesambaa. Wenye BMI ya 25 na zaidi waliishi kwa wastani wa kati miezi 25.6, na wenye BMI ya chini ya hapo miezi 17.1. Wastani wa kati ni ule muda ambao nusu ya wagonjwa wameupita na nusu hawakuufikia. Matokeo ya namna hii yameitwa fumbo la unene.

Usikimbilie kuamini wala kukataa. Tulichambue.

Maelezo ya kwanza yanatoka ndani ya seli. Kumbuka kwamba saratani ya seli angavu ni ghala la mafuta. Mwaka 2013 mradi mkubwa wa Marekani wa kusoma jeni za saratani ulionyesha kwamba uvimbe mkali wa aina hii hubadilisha namna unavyokula: hupunguza njia ya kawaida ya kuchoma chakula kwa oksijeni na huongeza utengenezaji wa mafuta. Kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha kazi ya kikemia, ndicho kiwanda cha mafuta hayo, na kinaitwa FASN kwa kifupi. Mwaka huohuo Ari Hakimi na wenzake wa New York walikuta kwamba uvimbe wa wagonjwa wanene huwa na FASN kidogo. Kundi la Albiges likaliona jambo hilohilo miaka mitatu baadaye. Dhana inayotokana na hayo ni kwamba uvimbe unaokulia katika mwili wenye mafuta tele unaweza kuyapokea bila kuyatengeneza, na haulazimiki kuufuata ule mkondo mkali. Ni dhana nzuri. Haijathibitishwa.

Mwaka 2020 watafiti wa kundi hilohilo la New York waliongeza jambo lingine: jeni zilizoharibika katika uvimbe wa wanene na wa wasio wanene hazikutofautiana sana, ila uvimbe wa wanene ulikuwa na dalili nyingi zaidi za kuota mishipa mipya ya damu. Nayo mafuta yaliyougusa uvimbe yalionyesha uvimbeuchungu. Hili lina uzito kwa tiba, kwa sababu dawa kadhaa za saratani ya figo zinafanya kazi kwa kuizuia mishipa hiyo isiote.

Maelezo ya pili hayahusu seli hata kidogo. Yanahusu namna tunavyohesabu, na ningependa uyashike kwa nguvu kuliko yale ya kwanza. Mgonjwa mwenye saratani kali hukonda. Tukimpima uzito siku anapofika hospitali, tunampata mwembamba kwa sababu saratani ni kali. Kisha tukisema wembamba umeifanya saratani iwe kali, tumegeuza chanzo kuwa matokeo. Vilevile, mtu mnene mwenye kisukari na shinikizo la damu huwa anapigwa picha mara kwa mara kwa ajili ya maradhi hayo, na uvimbe wake huonekana ukiwa bado mdogo. Katika utafiti wa Hakimi, wanene walikuwa na uwezekano mdogo wa kufika wakiwa katika hatua za mbele, na baada ya kuzingatia hatua na daraja, faida ya unene ikafifia.

Katika namna hiyo ya kuhesabu lipo kosa la tatu, gumu kidogo kulielewa, kwa hiyo twende polepole. Katika tafiti hizi kila mtu ana saratani tayari. Mnene ameipata, pengine, kwa njia ya unene. Mwembamba, asiye na unene wa kumsukuma, lazima ameipata kwa njia nyingine: sigara, au jeni aliyorithi, au jambo tusilolijua. Kama njia hizo nyingine huzaa saratani kali zaidi, wembamba wataonekana kufa mapema hata kama mafuta ya wanene hayajawakinga na lolote. Unene utaonekana dawa, kumbe ni namna tu ya kuchagua watu.

Hapo ndipo picha inapotusaidia. BMI haijui kutofautisha misuli na mafuta, CT inajua. Watafiti wengi wanashuku kwamba sehemu ya fumbo itayeyuka tukijua kuwa baadhi ya hao "wanene" walioishi zaidi walikuwa na misuli zaidi. Ushahidi kuhusu misuli ndio ulio imara kuliko wote katika fani hii. Mwaka 2016 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa walioondolewa figo yote kwa saratani ambayo ilikuwa haijasambaa. Karibu nusu yao walikuwa na sakopenia, na hao walikufa mapema zaidi kuliko wenzao. Nchini Ufaransa, Sami Antoun na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2010 kwamba wagonjwa wenye BMI ya chini na misuli michache waliopewa dawa ya sorafenib walipata madhara makali zaidi, ya kiasi cha kulazimisha dozi ipunguzwe.

Tazama vizuri mfano huu wa mwisho. Mgonjwa mwenye misuli michache anaweza kufa mapema kwa sababu hakuweza kuimeza dawa kwa dozi kamili. Uvimbe wake si lazima uwe mkali kuliko wa jirani yake. Kwa upande mwingine, saratani ya figo ina sifa ya kumwaga katika damu kemikali za uvimbeuchungu, mojawapo ikiitwa IL-6, na hizo huchochea homa, upungufu wa damu na kuliwa kwa misuli. Katika hali hiyo misuli iliyopungua ni shahidi wa kweli wa ukali wa uvimbe. Picha ni moja, eneo la msuli ni lilelile, lakini maana zake ni mbili. Ukisoma makala yoyote ya fani hii, jiulize mwandishi amepima nini mwishoni: daraja la seli, kurudi kwa saratani, au kifo cha sababu yoyote? Daraja la seli linaongelea uvimbe. Kifo cha sababu yoyote kinaongelea mgonjwa mzima pamoja na moyo wake, mapafu yake na umri wake.

Kuhusu mafuta ya ndani ya tumbo, matokeo hayapatani. Baadhi ya tafiti zimeyahusisha na daraja la juu la seli. Kundi moja la Ufaransa lilichapisha mwaka 2011 kwamba wagonjwa wenye mafuta mengi ya ndani, waliotibiwa kwa dawa za kuzuia mishipa ya damu, walikwenda vibaya. Nyingine zimeona kinyume. Sioni haya kusema kwamba kwa sasa kipimo hiki peke yake hakifai kumwamulia mgonjwa lolote.

Mafuta yanayoigusa figo moja kwa moja yana mvuto wa pekee. Uvimbe ukiyaingia, saratani inapanda hadi hatua ya 3. Yaani mafuta hayo ni mpaka rasmi. Madaktari wa upasuaji nao wanayajua kwa sababu nyingine. Kwa wagonjwa wengine yamenata kwenye figo kiasi kwamba kuyabandua ni kazi ngumu, na mwaka 2014 ilitungwa alama inayotumia unene wa mafuta hayo nyuma ya figo, pamoja na michirizi inayoonekana ndani yake katika CT, kukisia ugumu huo kabla ya kupasua. Alama hiyo ilikusudiwa kumwandaa mpasuaji. Sasa wengine wanauliza kama michirizi hiyohiyo inasema jambo kuhusu tabia ya uvimbe. Ni swali zuri kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu.

Ukitaka kuanza kazi kwa mikono yako, hali ni nzuri kuliko ilivyokuwa kwetu. Hifadhi ya picha za saratani ya Marekani, iitwayo kwa kifupi TCIA, inatoa bure picha za wagonjwa wa saratani ya figo ya seli angavu, zikiwa zimeondolewa majina. Programu ya 3D Slicer ni ya bure, na hospitali ya chuo kikuu cha Basel, Uswisi, imetoa programu ya akili bandia iitwayo TotalSegmentator inayochora yenyewe mipaka ya viungo na misuli katika CT. Nakushauri, kabla ya kuitumia, uchore kwa mkono tabaka la pingili ya 3 kwa wagonjwa kadhaa. Jicho lililochora lenyewe ndilo litakaloliona kosa la mashine. Angalia pia kama mgonjwa alipewa dawa ya mshipa ya kung'arisha picha, kwa sababu dawa hiyo huupandisha msuli namba. Ukichanganya picha zilizopigwa kwa dawa na zisizo na dawa, utagundua tofauti ya misuli ambayo haipo.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mipaka ya sakopenia inayonukuliwa zaidi duniani ilitoka Alberta, Kanada. Carla Prado na wenzake walitoa mwaka 2008 mpaka wa 52.4 kwa wanaume na 38.5 kwa wanawake. Lisa Martin na wenzake wakaja na mipaka mingine mwaka 2013, 41 kwa wanawake wote, na kwa wanaume 43 au 53 kulingana na BMI. Yule mwanaume wetu wa pili, mwenye fahirisi ya 48.4, ana sakopenia kwa mipaka yote miwili. Lakini wagonjwa waliotumika kuitunga hawakuwa wa saratani ya figo. Walikuwa na saratani za mapafu na za mfumo wa chakula. Na hawakuwa wakulima wa Mbeya wala wavuvi wa Lamu. Wapo pia miongoni mwetu watu waliotumia kwa miaka mingi dawa za zamani za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, kama stavudini, ambazo huondoa mafuta miguuni na usoni na wakati mwingine huandamana na kujaa kwa mafuta ndani ya tumbo. Mpaka wa Alberta haukuwafikiria.

Kwa hiyo tunahitaji vipimo vya watu wetu wenye afya, na njia ya kuvipata tunayo. Huko Michigan, Marekani, watafiti walitunga mipaka ya misuli kwa kutumia picha za CT za watu wenye afya waliojitolea kutoa figo, kwa sababu kila mtoaji hupigwa picha hiyo kabla ya upasuaji. Upandikizaji wa figo unafanyika Muhimbili tangu 2017 na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018. Nairobi ulianza zamani zaidi. Watoaji wa hospitali hizo walipimwa afya zao kwa makini, na huenda picha zao zimehifadhiwa. Andika andiko lako la utafiti, omba kibali cha kamati ya maadili, tafuta tabaka la pingili ya 3, na upime. Mpaka vipimo hivyo vipatikane, tumia mipaka ya Kanada ukiitaja kwa jina lake, na usimwambie mgonjwa hata mmoja kwamba saratani yake ni kali kwa sababu ya eneo la misuli yake peke yake.